Celica, Integra au Tiburon: ulinganisho kwa anayetaka gari la michezo la bei nafuu linalovuta kwa mbele

Ukitafuta gari la michezo la milango miwili, lililotumika, lisilokufilisi na linalovuta kwa magurudumu ya mbele, majina matatu hayakosi kutajwa. La kwanza ni Toyota Celica ya kizazi cha saba, iliyotoka mwaka 1999. La pili ni Honda Integra ya mwaka 2001, ile ambayo mashabiki huiita DC5. La tatu ni Hyundai Tiburon ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka huohuo wa 2001. Usishangae ukikuta gari lilelile kwa jina jingine: Tiburon kwao Korea iliitwa Tuscani na Ulaya ikauzwa kama Coupe, na Integra ilipofika Marekani ilivaa nembo ya Acura ikaitwa RSX.

Yote matatu yalibana gharama kwa njia ileile. Injini imelazwa kwa upana chini ya boneti, giaboksi iko ubavuni mwake, na nguvu inakwenda moja kwa moja kwenye matairi ya mbele bila propela kupita chini ya sakafu. Vyuma vinapungua, uzito unapungua, bei nayo inashuka. Tena kila moja lina ndugu wa kawaida kabisa: injini za Celica ni za ukoo mmoja na za Corolla, Integra imejengwa juu ya msingi wa Civic, na Tiburon imetokana na Elantra. Wapo wanaolidharau gari la michezo lenye ndugu wa namna hiyo. Mimi naona ni neema, maana siku ya kutafuta beringi au pedi za breki, undugu huo ndio unaokuokoa.

Vigezo kwanza

Nimeyapima kwa mambo matano: nguvu ya injini inapatikana kwenye mizunguko mingapi kwa dakika; matairi ya mbele yanaipokeaje nguvu hiyo, hasa kwenye kona; gia na breki; maisha ya kila siku; na magonjwa yake. Mwendo wa juu kabisa nimeuacha nje. Yote matatu yanavuka kilomita 200 kwa saa, na barabara nyingi hazikuruhusu hata kuikaribia namba hiyo.

Ninalinganisha matoleo yenye nguvu zaidi, yaani Celica yenye injini ya 2ZZ-GE, Integra Type R, na Tiburon ya V6. Takwimu hutofautiana kidogo kati ya soko na soko. Celica iliyotajwa kuwa na nguvu za farasi 192 Ulaya, kwa mfano, Marekani iliandikwa 180.

| | Celica 2ZZ-GE | Integra Type R | Tiburon V6 |
|---|---|---|---|
| Ujazo wa injini | cc 1,796 | cc 1,998 | cc 2,656 |
| Silinda | 4 | 4 | 6 |
| Nguvu za farasi | 192 | 220 | takriban 170 |
| Kwenye mizunguko | 7,800 | 8,000 | 6,000 |
| Torki ya juu (Nm) | 180 | 206 | 245 |
| Kwenye mizunguko | 6,800 | 7,000 | 4,000 |
| Uzito wa takriban | kilo 1,150 | kilo 1,180 | kilo 1,350 |
| Gia za mkono | 6 | 6 | 6 |
| Taiming | cheni | cheni | mkanda |

Injini: nguvu iko wapi?

Ukisoma mstari wa nguvu za farasi peke yake, Integra imeshinda, Celica ya pili, Tiburon inaburuta mkia. Sasa soma mstari wa torki, utaona Tiburon imeruka kutoka mkiani hadi kileleni. Torki ni ule msukumo unaousikia mgongoni unapokanyaga mafuta, na nguvu za farasi ni msukumo huo ukizidishwa na mizunguko. Kwa hiyo injini ndogo inaweza kutoa nguvu kubwa, mradi izungushwe kwa kasi sana.

Hesabu yake ni rahisi. Zidisha torki kwa mizunguko ugawe kwa 7,024, utapata nguvu za farasi za wakati ule. Tuseme unaendesha kawaida na sindano iko kwenye 4,000. Tiburon hapo inatoa takriban 140. Celica, hata tukiipa torki yake yote ya 180 ambayo kwa kweli haijaifikia bado, haivuki 103. Integra nayo, kwa upendeleo uleule, inaishia 117. Yaani kwenye mizunguko ambayo dereva wa kawaida anaishi siku nzima, gari "dhaifu" ndilo linalosukuma zaidi.

Tiburon isivimbe kichwa lakini. Ina karibu kilo 200 zaidi ya kubeba, na injini zinazopenda kuzunguka hupewa gia fupi zinazoongeza msukumo unaofika kwenye tairi. Ukiweka hayo yote kwenye mizani, tofauti barabarani ni ndogo kuliko ya kwenye karatasi. Haipotei, ila inapungua.

Celica na Integra zina hila moja inayofanana. Kamshafti, yaani shafti inayofungua vali za injini, ina nundu za aina mbili, ndogo na kubwa. Chini ya kiwango fulani cha mizunguko injini hutumia nundu ndogo, ikawa tulivu na yenye kubana mafuta. Ikivuka kiwango hicho, presha ya oili husukuma pini, na vali zinaanza kufunguliwa na nundu kubwa: zinashuka zaidi na zinakaa wazi muda mrefu zaidi. Honda waliita teknolojia hiyo VTEC, na gari la kwanza kuipata lilikuwa Integra ya mwaka 1989. Toyota, wakishirikiana na Yamaha kwenye 2ZZ-GE, waliita yao VVTL-i.

Kwenye Celica badiliko hilo huja karibu na mizunguko 6,200, na halijifichi. Mlio unageuka kutoka kunguruma kuwa kama kufoka, na gari linajirusha mbele. Raha yenyewe ina kasoro moja ambayo karatasi ya takwimu haikuambii. Vuta gia ya pili mpaka 7,800, kisha ingiza ya tatu: mizunguko inaanguka hadi karibu 5,600. Umetoka nje ya nundu kubwa, na inakubidi usubiri sindano ipande tena kabla utamu haujarudi. Kutoka ya tatu kwenda ya nne mwanya ni mdogo zaidi, unaangukia karibu na 6,100. Ndiyo maana injini hiyohiyo ilipowekwa kwenye Lotus Elise, gari jepesi kuliko Celica kwa mbali, watu waliisifu upya kana kwamba ni injini nyingine.

Integra Type R ina nafasi zaidi ya kupumua. Ujazo wake ni mkubwa kwa cc 200, na inaruhusiwa kuzunguka hadi karibu 8,400. Ukifanya badiliko lilelile la pili kwenda ya tatu unatua karibu na 6,000, yaani mlangoni mwa nundu kubwa. Badiliko lenyewe halikurushi kama la Celica, kwa sababu hata chini ya hapo injini haijalala. Kwa masikio yangu Celica ina mchezo mwingi zaidi wa kuigiza. Integra inafanya kazi ileile bila kupaza sauti mapema.

Tiburon haina hila hiyo. Ni V6 inayovuta kwa ulaini kuanzia chini, na ikifika 6,000 imekwisha kukupa ilichokuwa nacho. Toka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa inachukua sekunde nane na ushei. Celica ni saba na ushei, Integra sita na ushei. Kwa safari ndefu ukiwa na mwenzako mnazungumza, V6 ndiyo yenye adabu kuliko zote.

Angalia nembo kabla ya kulipa. Celica yenye injini ya 1ZZ-FE ina nguvu za farasi zipatazo 140 tu. RSX ya kawaida ina 160. RSX Type-S ndiyo yenye 200 na gia sita, lakini haina breki wala difu (kifaa kinachogawa nguvu kati ya magurudumu mawili) ya Type R ya Japani. Tiburon ya lita 2.0 nayo iko karibu na 140. Umbo la nje linafanana sana, na wauzaji wengine husahau kutaja tofauti hiyo.

Kona na magurudumu ya mbele

Gari linalovuta kwa mbele linaidai tairi ileile igeuze na isukume kwa wakati mmoja. Ukikanyaga mafuta, uzito unarudi nyuma na tairi za mbele zinapungukiwa na mshiko palepale unapouhitaji. Kwenye kona, gurudumu la ndani ndilo jepesi zaidi, na difu ya kawaida ina tabia ya kuachia nguvu ipotelee kwa anayeteleza. Tairi inapiga kelele, pua inasogea nje, gari haliongezi mwendo.

Hapo ndipo Integra Type R inapojitenga na wenzake. Ilitoka kiwandani ikiwa na difu inayobana utelezi. Gurudumu la ndani linapoanza kuzunguka bure, nguvu inahamishiwa la nje, na badala ya pua kukimbia unasikia gari likijivuta kuingia ndani ya kona. Usukani nao unakuwa na kazi: ukikanyaga kwa pupa kwenye barabara yenye mabonde, utauona unapapatika mikononi. Wenye Integra Type R ya kizazi kilichotangulia hulalamika kwamba DC5 iliacha mikono miwili ya saspensheni ya mbele na kuweka strati za kawaida. Wana hoja, lakini anayetoka kwenye gari la kawaida hataliona pengo hilo.

Celica inatumia wepesi. Haina difu ya namna hiyo, ila pua yake haina mzigo mkubwa, nyuma ina saspensheni ya mikono miwili, na magurudumu yamesogezwa pembeni mwa mwili kiasi kwamba gari linageuka upesi mara tu unapogusa usukani. Torki yake ndogo ya chini, ambayo tumeilalamikia, hapa inakuwa faida: kwenye mizunguko ya kawaida ni vigumu kuitelezesha tairi bila kukusudia.

Tiburon imebeba V6 nzima mbele ya ekseli, na inaonyesha. Kwenye kona pana za barabara kuu imetulia vizuri. Kwenye kona fupi zilizofuatana, pua inachoka kabla ya dereva. Dawa yake ni ileile ya magari yote ya aina hii, ila hapa ni lazima zaidi: maliza kufunga breki usukani ukiwa umenyooka, geuza, subiri pua ikamate, ndipo ukanyage mafuta. Ukiona pua inakwenda nje, punguza mafuta taratibu. Kuachia ghafla katikati ya kona kunaweza kuutelezesha mkia.

Gia na breki

Integra Type R haikutengenezwa na gia za otomatiki, na mkono wake wa gia ndio mtamu kuliko yote matatu: mfupi, unabofya. Breki za mbele ni Brembo zenye pistoni nne, na zinavumilia kupigwa mfululizo. Celica ina mkono mwepesi lakini usio na uhakika sana kati ya ya tatu na ya nne, na hilo nitalirudia kwenye magonjwa. Breki zake zinatosha kwa uzito wake. Tiburon ina mkono mzito na klachi yenye kazi. Breki ni nzuri kwa barabara ya kawaida, ila kwenye mteremko mrefu uzito unazichosha upesi. Anayetaka otomatiki ataipata kwenye Tiburon V6 na kwenye baadhi ya Celica. Binafsi otomatiki ya gia nne kwenye 2ZZ-GE siielewi, maana inakunyima kile kilichofanya injini hiyo iwe na jina.

Maisha ya kila siku

Hapa hakuna tofauti ya kukukosesha usingizi. Yote yana viti vinne, na vile vya nyuma ni vya watoto au mabegi. Yote yana mlango mkubwa wa nyuma na viti vinavyokunjwa, kwa hiyo yanabeba kuliko unavyodhani. Kabla ya kuubamiza mlango huo, hakikisha hakuna kichwa cha mtu chini ya kioo. Integra Type R ni ngumu zaidi barabarani, na viti vyake vya Recaro vinakukumbatia upende usipende. Tiburon ndiyo laini.

Mafuta yana jambo la kukumbuka. Celica na Integra Type R hubana mchanganyiko wa hewa na mafuta ndani ya silinda kwa uwiano wa 11.5 kwa 1, kwa hiyo zinataka petroli ya okteni ya juu, ile isiyolipuka kabla ya wakati. Ukiwa mahali ambapo petroli ya namna hiyo haipatikani kwa uhakika, hesabu hilo kama doa kubwa. Tiburon inaridhika na petroli ya kawaida, ingawa silinda sita na kilo 1,350 huifanya inywe zaidi kwenye foleni.

Magonjwa ya kuchunguza

Celica 2ZZ-GE za mwanzo zina ugonjwa unaojulikana: boliti zinazoshika shafti ya roka (vikono vinavyosukumwa na nundu ili kufungua vali) hukatika, na injini inabaki kwenye nundu ndogo milele. Kuupima ni rahisi. Ngoja injini ipate moto kabisa, maana ikiwa baridi nundu kubwa haziingii hata kwenye gari lisilo na ubovu. Ingiza gia ya pili mahali salama, kanyaga mpaka uvuke 6,500, na usikilize. Mlio usipobadilika, pima kwanza oili, kwa kuwa oili ikipungua dalili ni ileile. Oili ikiwa sawa, shuku boliti. Si gharama ya kutisha, na boliti zilizoboreshwa zipo. La kutisha ni injini iliyowahi kuzungushwa kupita kiasi kwa dereva kukosea gia, akatoka ya tatu akitaka ya nne akaangukia ya pili. Pampu ya oili inaweza kupasuka, na pampu ikienda, injini haichelewi kuifuata. Kwa 1ZZ-FE za miaka ya mwanzo, chunguza ulaji wa oili: chomoa dipstiki, kisha tazama moshi wa buluu unapokanyaga mafuta baada ya kushuka mlima.

Integra injini yake ni ngumu kuua. Tatizo liko kwenye giaboksi: gia ya tatu ikikwaruza unapoiingiza kwa haraka, sinkronaiza, kile kifaa kinacholinganisha kasi ya gia kabla hazijashikana, imeanza kwisha. Tatizo jingine ni wenye magari wenyewe. Integra chache zimebaki kama zilivyotoka kiwandani. Nyingi zimeshushwa, zimebadilishwa ekzosi, zimepangwa upya kompyuta. Na kwa kuwa jina la Type R linapandisha bei, wapo wanaobandika nembo nyekundu kwenye gari la kawaida. Tafuta difu, Brembo na gia sita, usitafute nembo.

Tiburon inataka nidhamu ya ratiba. Mkanda wa taiming, ule unaoizungusha kamshafti, hubadilishwa kila baada ya kilomita 96,000 hivi, na anayeuza asiyekumbuka ulibadilishwa lini, chukulia haukubadilishwa. Plagi tatu za nyuma zimefichwa chini ya manifoldi ya hewa, kwa hiyo fundi mvivu hubadilisha tatu za mbele na kukutoza za sita. Muombe akuonyeshe plagi sita za zamani, zote mkononi. Klachi za gia sita nazo huchoka mapema. Panda mlima kwa gia ya nne, kanyaga, na ukiona sindano inapanda bila mwendo kuongezeka, umepata cha kupunguzia bei.

Kulingana na hali yako

Kama unapenda kuendesha kwa ajili ya kuendesha, una barabara yenye kona au siku za kwenda uwanja wa mbio za magari, na unapata petroli nzuri, Integra Type R ina vifaa vinavyohitajika tangu kiwandani. Uwe tayari kulipa zaidi ya wenzake, na kutumia muda mrefu kuitafuta ambayo haijachezewa. Ukiikosa, RSX Type-S inakupa sehemu kubwa ya injini ile, na difu unaweza kuiongeza baadaye.

Kama bajeti ni finyu lakini unataka gari linalochangamka, jepesi, lisilo na gharama za ajabu, Celica 2ZZ-GE inakufaa, kwa sharti kwamba unapenda kubadilisha gia na huoni aibu ya injini kupiga kelele. Ukiwa mtu wa kuingiza gia ya tano mapema na kutulia, hutafika 6,200 hata mara moja kwa wiki, na utakuwa umelipia kitu usichokitumia. Afadhali 1ZZ-FE ya miaka ya mwisho, iliyo na umbo lilelile na madai machache.

Kama safari zako ni za barabara kuu na foleni, unataka kukanyaga kidogo na gari liitike, au unahitaji otomatiki, Tiburon V6 itakuridhisha kuliko jedwali linavyoonyesha. Weka pembeni fedha za mkanda na plagi siku ileile unayonunua.

Na kama viti vya nyuma vitakaliwa na watu wazima kila wiki, yaache yote matatu. Tazama Honda Civic Type R ya miaka hiyohiyo, ile ya EP3: injini ni ya ukoo wa Integra, na paa lake halishuki juu ya vichwa vya abiria wa nyuma.